Mkono wa Anayechanja

Juni na Julai baridi ya Mbulu hushuka mapema. Saa kumi na mbili jioni moshi umeshatanda juu ya nyumba, watoto wamesogea jikoni, na kikohozi kinajibizana kutoka boma hadi boma. Mafua ya msimu huu hayamshangazi mtu. Chai ya tangawizi, vidonge viwili vya kutuliza maumivu, blanketi, na kesho yake kazi. Muuguzi wa zahanati naye hufanya hivyo hivyo. Anafunga leso puani, anapanda bodaboda, anafungua mlango. Asipofungua yeye hakuna wa kufungua, maana zahanati nyingi za huku zina wahudumu wawili au watatu, na mmoja wao huwa yuko safarini kufuata dawa au semina.

Kwa huyo muuguzi nimeandika makala haya. Duniani kuna swali lililobishaniwa kwa zaidi ya miaka 40: je, mhudumu wa afya anapaswa kuchanjwa dhidi ya homa ya mafua, na je, chanjo yenyewe ni salama? Ubishi huo umefanyika Seattle, Toronto na Glasgow. Mbulu na Hanang haujafika, kwa sababu chanjo yenyewe haijafika. Hata hivyo historia ya mahali hapa ina la kusema juu yake, pengine kuliko wanavyodhani waliozoea kutuletea majibu.

Nianze na neno. Kiswahili chetu kinaita mafua vitu viwili tofauti. Kuna mafua ya kawaida, yale ya pua kuchuruzika. Kuna pia homa ya mafua, maradhi ya kirusi kingine kabisa, yanayomlaza mtu mzima siku tano akiumwa mifupa yote, na kwa mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mwenye kifua kibovu yanaweza kugeuka nimonia na kuua. Jina moja kwa vitu viwili limetugharimu. Ukimwambia mtu kuna chanjo ya mafua atakucheka, na ana haki ya kucheka ikiwa anafikiria yale ya tangawizi.

Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, walikuwa na elimu yao ya kuambukizana kabla ya hospitali yoyote. Waliiita metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo cha aina fulani, au msiba mwingine uliohesabiwa kuwa na unajisi, ilitengwa. Watu wake hawakula chungu kimoja na majirani, hawakuazimana jembe wala kibuyu, na utengano huo ungeweza kudumu miezi mingi. Wanaanthropolojia waliokaa Mbulu, wakiwamo Wanorwe na Wamarekani, wameuandika kwa kirefu. Sitaki kuufanya utaratibu huo kuwa sayansi ya virusi. Haukuwa hivyo, na mara nyingi uliwaumiza wanawake waliofiwa na watoto kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo zito: kwamba mtu anaweza kubeba madhara bila kosa lake, na kwamba anao wajibu kwa jirani yake hata kama yeye mwenyewe hajisikii mgonjwa. Wazee walikuwa pia na tambiko la masay, lililozunguka mipaka ya nchi ili kuikinga na mabaya yaliyo nje. Kinga, kwa maana hiyo ya kale, ilikuwa mali ya eneo zima.

Mwaka 1918 mipaka hiyo haikufaa kitu. Miaka miwili kabla, Aprili 1916, jeshi la Jenerali van Deventer, upande wa Waingereza, lilikuwa limepita Ufiome, karibu na Babati ya leo, likiwafukuza Wajerumani kuelekea Kondoa Irangi. Vita hivyo vya kwanza vya dunia vilikomba ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ugogo, kusini kidogo tu ya hapa, njaa ya Mtunya iliua watu wengi mno. Katika miili hiyo iliyokonda ndipo homa ya mafua ya dunia ilipoingia, ikitokea bandarini kwa meli na kupanda bara kwa reli na kwa miguu ya askari na wapagazi waliokuwa wakirudi kwao. Kikosi cha Wajerumani cha von Lettow-Vorbeck kilichojisalimisha Abercorn Novemba 1918 kilipoteza askari na wapagazi wengi kwa homa hiyo baada ya bunduki kunyamaza. Wanahistoria wanakadiria kuwa Tanganyika nzima walikufa makumi ya maelfu. Hakuna aliyehesabu makaburi ya Mbulu. Wakati ule hata madaktari wa Ulaya hawakujua ni kijidudu gani. Wengi waliamini ni bakteria. Kirusi chenyewe kilipatikana mwaka 1933, London, wataalamu watatu walipoambukiza wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, na mmoja wa wanyama hao akampigia chafya mtafiti usoni, naye akaugua. Miaka 12 baadaye, 1945, chanjo ya kwanza ilipewa kibali Marekani, baada ya kujaribiwa kwa wanajeshi. Mmoja wa waliotengeneza alikuwa Jonas Salk, ambaye dunia ingemjua baadaye kwa chanjo ya polio.

Mwaka 1955 Wanorwe wa misheni ya Kilutheri walifungua hospitali Haydom, pembezoni kabisa mwa Mbulu, katika ardhi ambayo Wairaqw walikuwa wakihamia baada ya mapori ya mbung'o kufyekwa. Wadatoga walikuwa wakichunga huko, na Wahadza waliwinda bonde la Yaeda jirani. Tangu mwanzo hospitali ile ililazimika kusema na watu wa lugha zisizo na undugu, kila mmoja na fikra yake kuhusu maradhi na sindano. Na sindano, katika Afrika Mashariki ya wakati ule, ilikuja na kivuli. Wazee wengi wanakumbuka hadithi za mumiani, watu wa serikali waliosemwa kunyonya damu za raia usiku. Hadithi hizo hazikuwa kweli, lakini zilitoka kwenye uzoefu wa kweli wa utawala uliochukua bila kuomba. Hanang ilipata uzoefu huo mara ya pili baada ya uhuru. Miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalimega takribani ekari 100,000 za malisho bora ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, chini ya Mlima Hanang, pamoja na ardhi yenye bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Nayataja haya kwa sababu huwa nasikia watu wa mjini wakisema wafugaji wanakataa chanjo kwa ujinga. Mtu aliyeona trekta ikilima kaburi la babu yake kwa jina la maendeleo ana sababu ya kuuliza maswali mara mbili anapoletewa kitu kingine kwa jina hilo hilo.

Pamoja na kivuli hicho, chanjo zilishinda. Tazama mkono wa mzee yeyote wa Katesh au Dongobesh, utaona kovu. Kampeni ya ndui ilipita kijiji kwa kijiji, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 ndui ilikuwa imekoma Tanzania. Ikabaki pembe moja ya dunia, na hapo ndipo ilipotokea habari ambayo kila chuo cha uuguzi cha nchi hii kingepaswa kuifundisha siku ya kwanza.

Merca ni mji wa pwani ya Somalia, kusini ya Mogadishu. Mwaka 1977 hospitalini mwake alifanya kazi kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi, na kabla ya hapo alikuwa amewahi kufanya kazi katika mpango wenyewe wa kutokomeza ndui. Yaani alikuwa mtu wa ndani. Alijua ndui ni nini, alijua chanjo inafanya kazi, aliona wenzake wakichanja watu siku nzima. Yeye mwenyewe hakuwa na kinga. Baadaye aliwaeleza waandishi wa habari sababu bila kujificha: aliogopa, alidhani sindano inauma.

Tarehe 12 Oktoba gari lilisimama hospitalini likiwa na watoto wawili wenye ndui, na dereva hakujua njia. Maalin akapanda kumwelekeza. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku 10 baadaye akapata homa. Wakadhani ni malaria, wakamtibu malaria. Vipele vilipotoka wakadhani ni tetekuwanga, wakamruhusu kwenda nyumbani, ambako marafiki wengi walimjia kumjulia hali. Ukweli ulipojulikana mwishoni mwa mwezi, ilibidi mji uzingirwe. Watu 161 waliokutana naye walisakwa mmoja mmoja, hospitali ikafungwa kwa wagonjwa wapya, nyumba zikapekuliwa, vizuizi vikawekwa njiani, na katika wiki mbili watu 54,777 wakachanjwa. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na Maalin. Yeye akapona, akawa binadamu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili.

Ninaporudia kisa hicho sioni cha kumlaumu kijana yule. Ninaona mfumo uliomtuma kazini bila kuuliza kama yeye mwenyewe amekingwa. Na ninaona jambo jingine: elimu peke yake haikutosha. Watu hupenda kusema kwamba manesi wakifundishwa watachanjwa. Maalin alifundishwa. Kilichomkosesha ni hofu ndogo ya kibinadamu ambayo hakuna mkubwa wake aliyekaa naye kuizungumza. Baadaye maishani aliamua kuizungumza mwenyewe. Polio ilipokuwa ikitesa Somalia alizunguka vijijini akihamasisha chanjo, akiwasimulia wazazi waliosita kwamba yeye ndiye aliyekataa na yaliyompata ni haya. Alikufa Julai 2013, kwa malaria, akiwa kazini katika kampeni ya polio.

Sasa usalama. Hapa mwandishi anayetaka kuaminiwa lazima aseme yote, pamoja na yasiyopendeza.

Mwaka 1976 askari mmoja katika kambi ya Fort Dix, Marekani, alikufa kwa homa ya mafua iliyofanana na ya nguruwe. Viongozi wakahofia 1918 nyingine, wakaamuru taifa zima lichanjwe. Watu zaidi ya milioni 40 walichanjwa kwa miezi michache. Gonjwa lenyewe halikuja. Kilichokuja ni ongezeko la ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu na mtu hupooza kwa muda, wengine wakafa. Ongezeko hilo lilikadiriwa kuwa mtu mmoja hivi kwa kila 100,000 waliochanjwa, na Desemba mpango ukasimamishwa. Tangu hapo chanjo za kila mwaka zimefuatiliwa kwa jicho kali. Hatari hiyo, pale inapoonekana, ni ya mtu mmoja au wawili kwa kila milioni, na homa ya mafua yenyewe husababisha ugonjwa huo huo. Kisha ikaja 2009 na gonjwa jipya la H1N1. Norway, nchi iliyoijenga Haydom, ilichanja karibu nusu ya watu wake kwa chanjo iliyoitwa Pandemrix, sawa na Sweden na Finland. Baadaye madaktari wa nchi hizo wakaona watoto na vijana waliochanjwa wakipata ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana, usiotibika, kwa kiwango kisicho cha kawaida. Serikali zikakiri, zikalipa fidia, chanjo ile ikaachwa. Chanjo zinazotolewa sasa kila msimu hazina mchanganyiko wa Pandemrix.

Visa hivyo viwili ndivyo vizito kuliko vyote katika miaka 80 ya chanjo hii. Vingine vyote vinavyosemwa vijiweni havina uzito huo. Sindano ya mafua ina kirusi kilichouawa au vipande vyake tu. Haiwezi kumwambukiza mtu mafua. Mkono huuma siku moja au mbili, wengine hupata homa ndogo. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, mtu mmoja hivi katika dozi milioni moja, na ndiyo maana mchanjaji humkalisha mtu dakika 15 kabla ya kumwachia aende. Kuhusu nguvu yake pia tuseme kweli: katika mwaka mzuri, kirusi kilichochaguliwa kikifanana na kinachozunguka, hupunguza ugonjwa kwa asilimia 40 hadi 60. Katika mwaka mbaya hupunguza kwa kiwango kidogo zaidi. Na lazima irudiwe kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika.

Je, kumchanja muuguzi humlinda mgonjwa? Uskoti walijaribu miaka ya 1990, wakichanja wahudumu katika baadhi ya hospitali za wazee na kuacha nyingine. Vifo vya wazee vilipungua kule wahudumu walikochanjwa. Wataalamu wengine waliopitia tafiti hizo baadaye wakasema ushahidi hautoshi, kwamba upungufu ulikuwa mkubwa kuliko chanjo inavyoweza kuleta. Ubishi huo haujaisha. Hata hivyo hospitali ya Virginia Mason, Seattle, ilifanya chanjo kuwa sharti la ajira kuanzia mwaka 2005, chama cha wauguzi kikaipinga kwa sheria na wanachama wake wakaruhusiwa kuvaa barakoa badala yake. Ontario, mwaka 2015, msuluhishi akatengua kanuni ya hospitali iliyomlazimisha asiyechanjwa kuvaa barakoa msimu mzima, akisema ushahidi hauihalalishi.

Haydom ina nafasi yake katika habari hii, na ni nafasi ya heshima. Tanzania ilipoanza mwaka 2008 kufuatilia homa ya mafua katika hospitali chache zilizochaguliwa, Haydom ilikuwa miongoni mwake. Kijiti cha pamba puani na kooni mwa mtoto anayehema kwa shida, sampuli kwenye baridi, safari ndefu hadi maabara ya taifa Dar es Salaam. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba homa ya mafua ni ugonjwa wa Wazungu wenye theluji. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kirusi huzunguka sehemu kubwa ya mwaka, bila msimu mmoja mkali, na kwa hiyo hujificha ndani ya lundo la kikohozi, malaria na nimonia. Kenya ilikwishapima uzito wake kiasi kwamba mwaka 2016 kamati yake ya wataalamu wa chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe.

Na fikiria wodi. Kichanga wa wiki mbili hawezi kupewa chanjo hii. Inaanzia miezi sita. Amelala na mama aliyejifungua kwa upasuaji. Jirani kuna mwenye kifua kikuu na anayeishi na VVU. Anayepita kati ya vitanda hivyo vyote usiku kucha ni mtu mmoja, na kirusi cha mafua huanza kutoka kwa mtu siku moja kabla hajajisikia vibaya. Shirika la Afya Duniani liliwataja wahudumu wa afya, mwaka 2012, katika makundi ya kupewa kipaumbele. Sababu ya pili ni nyepesi kueleza na hakuna mtafiti anayeibishia: muuguzi akilala siku tano, zahanati imefungwa siku tano.

Tulijaribiwa mwaka 2021. Januari, Rais Magufuli, akiwa Chato, alitilia shaka hadharani chanjo za Uviko-19. Miezi sita baadaye, 28 Julai, mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, alikunja mkono wa vazi lake mbele ya kamera na kuchanjwa, dozi zaidi ya milioni moja zikiwa zimewasili siku chache kabla, na wahudumu wa afya wakawekwa mstari wa mbele. Hebu mfikirie muuguzi wa Hanang katika mwaka huo mmoja. Januari alisikia mamlaka ya juu kabisa ikionya dhidi ya chanjo. Agosti alitakiwa achanjwe na achanje. Mbunge mmoja wa wakati huo, ambaye pia alikuwa askofu, alikuwa akihubiri kinyume. Mwaka 2014 majirani zetu Kenya walikuwa wamewaona maaskofu wakitilia shaka chanjo ya pepopunda, na katika eneo la Wakatoliki na Walutheri wengi kama Mbulu neno la madhabahu hufika kabla ya waraka wa wizara. Waliosita katika siku zile hawakuwa wasaliti wa taaluma. Walikuwa wanasubiri mtu mmoja wanayemwamini akae nao na kujibu swali hadi mwisho.

Kwa hiyo siungi mkono kulazimisha. Nchi iliyo na kumbukumbu ya mumiani na ya ngano ya Hanang haiwezi kumshika muuguzi mkono kwa nguvu halafu imtume akamshawishi mama wa Kibarabaig kwa upole. Lakini naunga mkono chanjo, bila kigugumizi, na naamini mhudumu anayeelezwa 1976 na Pandemrix kwa ukweli ataichukua kuliko yule anayeambiwa tu kwamba ni salama, nenda kachanjwe. Mashariki ya Kongo, Beni na Butembo, kuanzia 2018 wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa chanjo ya Ebola. Uganda mwaka 2000 hawakuwa na bahati hiyo, Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alikufa kwa Ebola pamoja na wauguzi aliowaongoza, kwa kuwa chanjo haikuwepo. Ya homa ya mafua ipo tangu 1945, na inauzwa katika kliniki binafsi za mijini kwa anayeweza kulipa. Wanaolipa huko si wauguzi wa vijijini.

Na hao ndio tunaowategemea maafa yakija: Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliifunika Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Walionusurika walilazwa shuleni, mkeka kwa mkeka, na wahudumu wa wilaya wakakaa nao usiku na mchana katika hewa ile ile, wakiwapima watoto kifua na kugawa dawa.

Katika zahanati ya kawaida ya Mbulu kuna jokofu la chanjo, jeupe, lina karatasi ya joto ubavuni. Asubuhi na jioni, sikukuu zikiwamo, muuguzi anasoma kipimo na kuandika; lazima kiwe kati ya nyuzi 2 na 8. Ndani kuna surua na rubela, polio, kichomi, kuhara, pepopunda ya wajawazito, na ile ya wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Anazijua kwa tarehe za mwisho wa matumizi kama anavyowajua watoto wake. Chanjo ya homa ya mafua huhifadhiwa kwa joto hilo hilo. Dozi mbili au tatu za wahudumu wa zahanati zingekaa kwenye kona ya rafu ya chini.